Bakuli la Miba

Theresia alianza kuchukizwa kabla hata hajashuka garini. Ilikuwa harufu. Barabara ilipita kwenye tope la mikoko, na dirishani ikaingia harufu ya kitu kilichooza kikatiwa chumvi kisha kikaoza tena. Mwanawe Jastin, aliyekuwa kwenye usukani, akavuta pumzi kifua kizima na kusema hewa ya bahari ni dawa. Theresia alijiziba pua kwa pindo la khanga. Alikuwa ameishi miaka sitini na moja Lusungi, kule juu Uluguru mawingu yanakopita mlangoni, na hewa ya kwao haikuwahi kuhitaji mtu wa kuisifia.

Lusungi hakuna aliyewahi kwenda likizo. Likizo ilikuwa ya walimu na wanafunzi, na wao wakiipata walirudi nyumbani kushika jembe. Kwa hiyo Jastin alipopanda mlima akamwambia mama yake kwamba amemlipia siku nne katika kijiji cha kale huko pwani, ale, alale, aitazame bahari, Theresia aliuliza kwanza nani anaumwa. Mtu mzima haondolewi kwake siku nne ila kwa hospitali au msiba. Jastin alicheka akasema mama, huu ni mwaka wa tisini na sita, soko ni huria, siku hizi watu wanapumzika.

Theresia hakuwa mjinga wa kudanganywa na mapumziko. Alijua kilichokuwemo kwenye mkoba wa ngozi uliolala kiti cha nyuma. Jastin alianza na mitumba pale sokoni Morogoro, akahamia magari yaliyokwisha tumika Dubai, akajenga Kihonda, pembeni mwa mji, na sasa alitembea na simu kiunoni nene kama gunzi la hindi, ambayo milimani haikushika mtandao lakini aliitoa kila saa na kuitazama. Alikuwa amempata mwekezaji, Bwana Dadi wa Dar es Salaam, mwenye kutaka kigongo cha Kwa Chausiku ajenge vibanda vya watalii. Kigongo hicho kilikuwa na chemchemi na kilitazama bonde lote mpaka mji wa Morogoro. Kilikuwa pia na kichaka, na ndani ya kichaka walilala mabibi wote wa ukoo, kuanzia Bibi Chausiku mwenyewe, mama wa mama yake Theresia.

Kwa Waluguru ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo, nao ukoo hupita kwa wanawake. Mtoto wa kiume atalima ardhi ya mama yake mpaka azeeke, lakini hawezi kuuza hata tuta moja. Jastin alikwenda kwanza kwa mjomba wake, mzee Benedikto, msemaji wa ukoo. Benedikto akajikuna kidevu wiki mbili, kisha akatoa jibu la mtu anayeogopa pesa za mpwawe na kuogopa mizimu kwa kiasi kilekile: dada yangu Theresia akitia saini, nami nitatia. Basi mzigo wote ukamwangukia Theresia.

Na ukweli usemwe, alikuwa karibu kutia. Magoti yalimuuma. Kabichi zake ziliishia mikononi mwa wachuuzi wenye malori waliozinunua kwa bei waliyojipangia wenyewe. Jastin alimwahidi chumba Kihonda chenye bomba ndani. Kuhusu makaburi aliapa kwamba hayataguswa, kwamba yatazungushiwa ua na kuwekwa kibao chenye majina. Bwana Dadi anaheshimu historia, mama, alisema, twende pwani ukaone kwa macho yako alivyoitunza ya kule. Ndiyo maana Theresia alikubali kwenda likizo. Alikwenda kuona.

Kijiji kiliitwa Bandarikale. Zamani misafara ya bara iliishia pale, na kulikuwa na msikiti wa mawe uliobaki kuta tatu, milango ya nakshi isiyofunguka popote kwa sababu nyumba nyuma yake zilikwisha anguka, na makaburi ya mawe yenye minara. Watu wenyewe hawakuonekana. Walikuwa wamehamishiwa ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba za udongo zilizobanana, na ufuko wote ulikuwa wa hoteli ya Bwana Dadi, yenye paa la makuti na jenereta lililonguruma mchana kutwa.

Kitu cha kwanza alicholetewa kilikuwa maji ndani ya chupa ya plastiki. Aliuliza kwa nini yamefungwa. Mhudumu akamweleza kwa adabu kwamba ndiyo yanayouzwa. Theresia alitoka mahali ambapo maji yalipita jikoni kwa mfereji bila kuombwa, na sasa mtu mwenye tai alikuwa anamuuzia maji vuguvugu yenye ladha ya ndoo mpya. Alikunywa kwa sababu alikuwa na kiu, na kila funda alilimeza kwa hasira.

Kisha kikaja chakula. Pweza alikuja mzima, miguu yote na vile vidude vyake vya kunyonyea. Kamba walikuja na macho. Jastin alikula huku akilamba vidole na kueleza bei ya kila kitu, na mafuta yalimchirizika mpaka kwenye saa. Theresia alitia kipande cha pweza mdomoni, akakitafuna, akakitafuna tena, na kile kitu kikakataa kuwa chakula. Alitazama huku na huku. Mhudumu akasogeza bakuli lililokuwa katikati ya meza na kumwambia, mama, miba na maganda tia humu.

Lilikuwa bakuli zuri, pengine kitu pekee kizuri mezani pale. Lilikuwa jeupe lililoelekea kijivu, lenye maua ya buluu yaliyopakwa kwa mkono, na chini ya kitako chake palikuwa pamegandamana chokaa ngumu kama lilibanduliwa ukutani. Kila meza ilikuwa na lake. Theresia alitemea pweza humo. Jioni alitemea miba ya changu, asubuhi yake akatemea ganda la kamba na macho yake. Alitema kwa nguvu, kwa chuki, na kila alipotema alijisikia nafuu kidogo.

Siku ya pili Jastin alimpeleka kwenye kile walichokiita onyesho la historia. Nyuma ya baa palikuwa na kibanda chenye mnyororo halisi, mzito, wenye kutu, na pingu za shingo. Wageni walipanga mstari wavalishwe, wapigwe picha na kupewa juisi ya ukwaju. Mzungu mmoja aliyeungua pua alivaa akatoa ulimi nje kama mtu aliyenyongwa, na mke wake akacheka mpaka akakaa chini. Ilipofika zamu ya Jastin, Theresia alidhani atapita. Hakupita. Alikunja kola ya shati lake jipya ili isichafuke kwa kutu, akaitia shingo yake mle, akatabasamu meno yote.

Bibi Chausiku alikuwa na kovu shingoni. Theresia alilijua kwa vidole, kwa maana alilala naye kitanda kimoja mpaka alipofika miaka tisa. Bibi alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni pale watu wa mnyororo walipolifikia bonde, na mama yake alikata kwa jiwe kamba waliyomfunga mtoto shingoni, akamkata na yeye, akapanda mlima usiku na mchana mpaka mahali ambapo hakuna mtu wa pwani angejisumbua kufika. Mahali penyewe ndipo palipoitwa baadaye Kwa Chausiku. Jastin alisimuliwa hayo mara mia akiwa mtoto.

"Vua hicho kitu," Theresia alisema.

Jastin akasema ni mchezo tu mama, akamwambia mpiga picha apige nyingine, isije ya kwanza ikaharibika. Theresia alikwenda nyuma ya mnazi, na kile kidogo alichokula asubuhi akakitapika. Alibaki ameinama pale, mkono kwenye mti. Aliona haya kwamba ni yeye aliyemzaa yule.

Mtu aliyemletea maji ya kusukutua alikuwa mwanamke wa makamo yake, mwenye ufagio kwapani na sare ya hoteli iliyomkaa vibaya. Alimtazama Theresia anavyosukutua, akamuuliza ametoka wapi na ni wa ukoo gani. Theresia akautaja. Yule mwanamke akaweka ufagio chini, akashika kiuno.

"Kumbe ninyi ndio mmekuja kututapikia pwani yetu," alisema. "Babu zenu walishuka kufuata chumvi kwetu, wakaiba na mbuzi wetu."

Theresia akanyanyua kichwa. Alikuwa hajacheka tangu Morogoro. Yule mwanamke aliitwa Mwajuma, Mzaramo, na koo zao mbili zilikuwa watani tangu kabla ya Wajerumani. Kila mtoto wa koo hizo hufundishwa utani huo mapema: mtani atakutukana na huruhusiwi kununa, atanyakua kitu chako mbele ya macho yako na huruhusiwi kumwita mwizi, utakikomboa au utamwachia. Na ukifa, wakati ndugu zako wamelegea kwa kilio, mtani ndiye anayeshika maiti yako, akakuchimbia, akakuzika huku anakutania. Theresia akamjibu kwamba mbuzi wenyewe walikuwa na upele ndiyo maana walirudishwa. Wakaketi chini ya ule mnazi wakatukanana saa nzima, na ikawa ndiyo likizo pekee aliyoipata.

Siku ya tatu alimwomba Mwajuma ampeleke kwenye makaburi, kwa kuwa ndiyo hasa aliyokuja kuyaona. Jastin alikuwa amemwonyesha kwa mbali, kwenye ua wa senyenge uliopakwa rangi nyeupe. Ua ulikuwepo kweli. Kibao kilikuwepo. Mlango wa ua ulikuwa na kufuli, na Mwajuma alieleza kwamba ulijengwa kuwazuia wanakijiji, waliokuwa wakija siku za kuzuru na kuwasumbua wageni wanaoota jua. Ufunguo yeye alikuwa nao kwa sababu ndiye mfagiaji.

Makaburi yalikuwa ya mawe na chokaa, na kila mnara ulikuwa na matundu ya mviringo, mengine mawili, mengine matano, kwa safu. Kingo za matundu zilikuwa mpya, nyeupe, na chini yake palikuwa na vumbi la chokaa. Theresia alitia kiganja chake kwenye tundu moja akauliza mlikuwa na nini humu.

Mwajuma alipangusa vumbi la chokaa kwenye ukingo wa tundu. Alisema zamani mtu wa heshima akifa, bakuli alilokuwa akilia chakula, bakuli lake zuri lililotoka ng'ambo, lilipachikwa kwenye kaburi lake asisahauliwe. Kaburi lile alilotia mkono lilikuwa la bibi yake. Bwana Dadi aliyabandua yote kwa patasi mwezi wa kwanza wa kujenga, kwa kuwa yalikuwa yanakaa bure na hotelini yangependeza.

Theresia aliutoa mkono kwenye tundu. Alihisi mate yanamjaa mdomoni na hakujua ayapeleke wapi. Akayameza.

"Umemtemea bibi yangu miba siku tatu, mtani," Mwajuma alisema. Alilisema kwa sauti ya utani, lakini macho yake hayakuwemo katika utani huo.

Kisha akamalizia habari, maana ilikuwa fupi. Aliyetia saini ya kuuza ufuko alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliyeonyeshwa mchoro wenye ua na kibao. Familia ilipata mabati kumi na nane. Yeye mwenyewe alipewa kazi ya kufagia, na kila siku baada ya chakula aliyaosha yale mabakuli jikoni, akilijua la bibi yake, lile la meza ya Theresia, kwa ua moja la buluu lililofutika.

Usiku ule Theresia hakula. Alipiga mswaki mara mbili, akasukutua kwa maji ya chupa mpaka yakaisha, na bado alisikia ladha ya samaki.

Siku ya nne Bwana Dadi alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu laini, mwenye kanzu safi na sauti ya chini, na alimwamkia Theresia shikamoo kwa kuinama. Hilo lilimchukiza zaidi kuliko kama angemtukana. Alimshika mkono akampitisha mapokezi kumwonyesha kitu, akasema wameanza kukusanya vitu vya milimani, ili hoteli ya kule isije ikafunguliwa mikono mitupu.

Palikuwa na rafu mpya ya mninga. Juu yake palikuwa na kinu, mkeka, na chungu cheusi cha pombe, chenye kikadi kilichoandikwa kwa lugha ya wageni. Chungu kilikuwa na pengo mdomoni, pana kama ukucha wa dole gumba. Pengo hilo Theresia alilitia mwenyewe akiwa na miaka saba, alipokigonga kwenye mawe ya chemchemi, na Bibi Chausiku hakumchapa, alisema tu kwamba sasa chungu kimepata alama ya mjukuu wake. Bibi alipozikwa kiliinamishwa juu ya kaburi lake. Kilikaa hapo miaka arobaini na minne, na kila mwaka kabla ya mvua Theresia alitoka misa ya kwanza, akapita kichakani, akafagia majani pembeni yake.

Alimgeukia Jastin. Jastin alikuwa anaitazama simu yake.

"Ulikitoa lini?"

"Pasaka, mama," Jastin alisema. "Kilikuwa kimekaa tu."

Bwana Dadi akawaongoza kwenye meza yao ya siku zote. Wageni walikuwa wamejaa, samaki wamekwisha letwa, bakuli lilikuwa katikati, na lilikwisha pata miba ya waliotangulia. Jastin alifungua mkoba, akatoa hati, akailaza mbele ya mama yake, akaipapasa mikunjo, akaweka kalamu juu yake. Akamwonyesha mstari. Mkono wake ulikuwa unanuka pweza.

Theresia alilivuta bakuli karibu. Alitafuta ua lililofutika, akaliona. Akasimama kwa taabu, magoti yakilalamika, akaliinua kwa mikono miwili na kumimina miba yote, maganda, vichwa na mchuzi juu ya ile hati. Kisha akalifuta bakuli ndani na nje kwa khanga yake ya Pasaka. Aliita kwa sauti aliyozoea kuitia watu wa bonde la pili.

"Mwajuma, njoo! Mimi mtani wako nachukua chombo cha bibi yako. Nawe chukua cha bibi yangu, kipo rafuni."

Mwajuma alitoka jikoni na mikono yenye povu. Alisimama kidogo, akamtazama Bwana Dadi, akaitazama sare yake. Halafu akaenda mapokezi, akakishusha chungu, akakitia kichwani.

"Mluguru, chungu hiki ni kibovu kama ninyi wenyewe," alisema, "lakini nakichukua."

Wazungu walidhani ni onyesho jingine la historia. Waliacha kula, wakatoa kamera, wengine wakapiga makofi. Bwana Dadi alikuwa amekwisha nyanyuka, na kila mhudumu mle ndani alijua kwa nini hakusema neno. Angesema nini? Kuita utani wizi mbele ya watu ni kujivua nguo, na kuwaeleza wageni mabakuli yalikotoka ni kuivua hoteli. Alikaa chini, akatabasamu kwa ajili ya kamera. Wanawake wawili wazee walipita katikati ya meza, kila mmoja amebeba cha marehemu wa mwenzake, wakatoka mpaka getini.

Pale getini walibadilishana vyombo. Mwajuma alivua sare akabaki na gauni lake la ndani na khanga, akaikunja ile sare, akaitundika kwenye senyenge. Alisema kazi imekwisha na mabati hayaliwi, lakini chokaa ya kulirudishia bakuli kaburini atapata mahali. Akamwahidi Theresia kwamba siku akifa atapanda mlima huo wote kuja kumzika vibaya. Theresia akamwambia asije mikono mitupu, alete chumvi.

Jastin alikuja na gari baada ya muda mrefu. Hakushuka kumfungulia mlango. Waliipita ile harufu ya mikoko, wakafika barabara ya lami, na Chalinze ikabaki nyuma. Chungu kilikuwa mapajani pa Theresia, na alikuwa amekishika kama mtu anayepakata mtoto. Milima ilipoanza kuonekana, buluu, kichwa ndani ya wingu, Jastin alipata maneno. Alisema amemwaibisha. Alisema ameharibu kila kitu kwa sababu ya chungu kilichomeguka na watu waliokwisha oza, kwamba yeye amehangaika kwa ajili ya walio hai.

Theresia alimtazama shingoni. Alikuwa amelivaa tena lile shati jipya, na kutu ya mnyororo iliyoshika ndani ya kola ilikuwa imemwachia mstari mwembamba shingoni, hakuwa amegundua.

"Kushoto kwa Bibi Chausiku pana nafasi," alisema. "Nilikizika kitovu chako pale, siku ya nane baada ya kukuzaa. Hapo ndipo mahali pako, Jastin. Ndipo ulipokuwa unapauza."

Jastin alipunguza mwendo, ingawa barabara ilikuwa tupu mbele yao. Kisha akapandisha mkono, akajifuta shingo kwa kiganja, akakitazama kiganja.